Ustadi wa Kuunga Nukta

Mwaka 2014 zilitangazwa takwimu za kaunti za Kenya, zilizokokotolewa kutokana na sensa ya mwaka 2009, nazo zikasema kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 3,795 walifariki Mandera kwa sababu za uzazi, na 1,683 Wajir, na 646 Garissa. Sizikatai nambari hizo, wala siwalaumu waliozitoa hadharani, maana ziliwaamsha waliolala, na zikazielekeza nyuso za serikali na za wafadhili upande wa Kaskazini Mashariki, upande ambao kwa miaka mingi ulikumbukwa kwa vita na ukame tu. Lakini nambari moja iliyosimama peke yake, hata iwe ya kutisha namna gani, hutoa hukumu kisha ikanyamaza. Mkunga wa Masalani au wa Modogashe akiisikia, hujua kwamba amehukumiwa pamoja na nchi yake yote. Hajui afanye nini kesho asubuhi atakapofungua mlango wa chumba cha kujifungulia, wala hatajua, baada ya miezi mitatu ya juhudi, kama lile alilolibadilisha limefaa au halikufaa. Kinachoweza kumjibu ni kitu duni kwa sura, ambacho nimekusudia kukisifu kwa kadiri ya uwezo wangu: karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani, yenye nukta moja kwa kila mwezi na mstari mmoja unaopita katikati yake. Naiita hapa chati ya mwenendo.

Tazama jinsi ifanywavyo. Chini ya karatasi hupigwa mstari wa kulala, na juu yake miezi huandikwa kwa zamu yake bila kurukwa hata mmoja, hata ule ambao kituo kilifungwa. Kushoto husimamishwa mstari wa wima wenye vipimo, kuanzia sifuri hadi mia, ikiwa kinachohesabiwa ni asilimia. Mwezi ukiisha, muuguzi hufungua rejista, ile ile ambayo kwayo huandika ripoti ya kupeleka makao ya kaunti ndogo, akahesabu, tuseme, watoto waliofikia umri wa kupata dozi ya tatu ya chanjo ya penta, iliyo ya wiki ya 14, na katika hao akahesabu wale waliokuja wakaipata. Hugawa, akaweka nukta moja mahali pake, akaiunga na nukta ya mwezi uliopita kwa mstari ulionyooka, akarudisha kalamu mfukoni. Kazi yenyewe haimalizi robo saa. Nukta zikifika kumi au zaidi, hutafutwa mstari wa kati, na hapo ndipo ninapopenda kusimama nikatazama: rula hulazwa juu kabisa ya karatasi, ikateremshwa polepole, na nukta zikahesabiwa moja moja kadiri rula inavyozipita, mpaka nusu ya nukta ziwe juu yake na nusu ziwe chini yake, ndipo mstari ukapigwa toka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Haihitajiwi mashine, wala kanuni ya kukariri, wala umeme, ambao katika vituo vingi vya upande huu ni mgeni wa vipindi.

Nitatoa mfano wa kubuni, ili pasiwe na kituo kitakachojiona kimesemwa. Tuseme miezi 11 imeleta asilimia hizi: 62, 58, 65, 60, 41, 55, 63, 59, 66, 57 na 61. Ukizipanga kwa ukubwa wake, ile ya sita, iliyo katikati, ni 60. Ukizijumlisha zote na kuzigawa kwa 11, wastani ni karibu 59, na msomaji ataniuliza tafauti iko wapi. Basi tuseme mwezi ule wa 41 ulileta 4 tu, kwa kuwa jokofu la chanjo liliharibika na gari lililokuja kuokoa jambo likakwama matopeni: wastani utaanguka hadi 55, kama kwamba kituo kizima kimezorota mwaka mzima, hali nambari ya kati itabaki 60 pale pale ilipokuwa. Nambari ya kati ina insafu. Haimhukumu mtu kwa siku yake mbaya kuliko zote, wala haimtukuzi kwa siku yake njema kuliko zote.

Baada ya kuchora huja kusoma, na kusoma ndiko kunakotaka ustadi. Nukta ya mwezi huu ikiwa juu ya mstari na ya mwezi ujao ikashuka chini yake, hiyo ni kawaida ya kila jambo lifanywalo na wanadamu, wala haifai kuitishiwa mkutano. Lakini nukta 6 zikifuatana upande mmoja wa mstari wa kati, bila kuhesabu zile zilizoukalia mstari wenyewe, hapo pana jambo, kwa maana ukizitwaa nukta sita zo zote, bahati peke yake huziweka zote upande mmoja mara 1 tu katika 32. Vivyo hivyo nukta 5 zikipanda mfululizo, au zikishuka mfululizo, hudai kuulizwa sababu. Na nukta moja ikiruka mbali na wenzake hata asiyejua kusoma akaiona, nayo huulizwa habari zake. Mwenye ngamia hashtuki kwa asubuhi moja ya maziwa haba, wala hafanyi karamu kwa asubuhi moja ya chombo kufurika. Lakini asubuhi zikifuatana na maziwa yakizidi kupungua, huuliza malisho, huuliza maji, humkagua ndama, hutafuta kupe. Wafugaji wa Garissa wana elimu hii tangu kale, na chati imeipa rula na karatasi.

Asili ya mchoro huu si hospitalini. Tarehe 16 Mei 1924 Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa katika kampuni ya Western Electric, watengenezaji wa simu wa Marekani, alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro ndani yake, akionyesha jinsi ya kupambanua mabadiliko yatokanayo na kawaida ya kazi na yale yatokanayo na sababu mahsusi. Mchoro ule ulikuwa na mipaka ya juu na ya chini iliyohitaji hesabu. Chati ya mwenendo ni ndugu yake mwepesi, asiyehitaji hesabu nzito. Mwaka 1950 mtakwimu wa Marekani, W. Edwards Deming, aliichukua elimu hiyo akaenda kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa Japani, nao Wajapani wakaishika kwa mikono miwili. Na katika mwongozo wa ubora wa huduma za afya uliotolewa Kenya zimo njia za Kijapani za kupanga mahali pa kazi na za kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Kwa hivyo kamati ya ubora ikaayo leo katika hospitali ya Garissa, yajapokuwa majina hayo hayatajwi mezani, ni mrithi wa warithi wa waraka ule wa kiwanda cha simu.

Laiti daktari Ignaz Semmelweis angalikuwa na urithi huo. Katikati ya Mei 1847, mjini Vienna, aliwaamuru madaktari wa wodi yake ya wazazi waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima akina mama, na vifo vilivyokuwa 18 katika mia mwezi wa Aprili vikashuka hadi 2 katika mia mwezi wa Juni. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1861, kimejaa majedwali, na wengi katika wakubwa wa zama zake hawakumsadiki. Sisemi kwamba mchoro ungalizigeuza nyoyo zao zote, maana kiburi hakiponi kwa karatasi. Lakini jedwali humtaka msomaji ataabike kabla ya kuona, na mchoro humwonyesha kabla hajapata kisingizio.

Wala mkunga wa kwetu asidhani kwamba analetewa elimu ngeni. Patografu, karatasi ambayo kwayo maendeleo ya uchungu wa mama huwekwa alama saa baada ya saa, ilipata mstari wake wa tahadhari na mstari wake wa kuchukua hatua kutoka kwa watafiti Philpott na Castle, waliofanya kazi Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, na kuichapisha kazi hiyo mwaka 1972. Na makusudio yao yalikuwa kumpa mkunga wa kituo cha mbali njia ya kujua mapema ni mama yupi apelekwe hospitali kubwa kabla safari haijawa bure. Mstari wa uzito ulio katika kadi ya kliniki ya mtoto nao umetokana na kazi ya daktari David Morley huko Nigeria. Patografu humtazama mama mmoja kwa saa zake, na kadi humtazama mtoto mmoja kwa miezi yake. Chati ya mwenendo hukitazama kituo chenyewe, na hapo wanaopimwa ni wahudumu, kwa mikono yao wenyewe. Nadhani hii ndiyo sababu baadhi ya watu huipenda patografu wakaiogopa chati.

Katika dispensari moja iliyo mbali na lami niliiona chati ya chanjo imebandikwa ukutani, na mzee mmoja wa kamati ya dispensari, ambaye hakupata kusoma shule, amesimama mbele yake pamoja na muuguzi. Mzee aliweka kidole mahali mstari ulipozama.

"Daktari, huku kumeshuka. Ni mwezi gani?"

"Mwezi wa tatu, mzee."

"Mwezi wa tatu ni jilaal, kiangazi chetu kikali. Watu walikuwa wamehamia mtoni na mifugo. Hata nyumba yangu ilikuwa huko."

"Na watoto walichanjwa wapi, mzee?"

"Nani angewachanja? Nyinyi mlikuwa hapa."

Muuguzi hakujitetea. Alichukua kalamu, akachora mshale mdogo juu ya nukta ile, akaandika kando yake: jilaal, watu wako mtoni. Kisha wakaketi wote wawili wakaanza kusemezana juu ya pikipiki, na juu ya sanduku la barafu la kubebea chanjo, na juu ya malambo ambayo watu hukutana kunywesha mifugo, ni yapi na siku zipi. Mzee hakuijua asilimia, na muuguzi, aliyeletwa na kazi kutoka mbali, hakuijua jilaal. Karatasi ile iliwakutanisha mahali ambapo ripoti iliyofungwa katika faili isingaliwakutanisha kamwe.

Kumfuata mhamaji kwa dawa si fikra mpya katika nchi hii. Huko Wajir, mwaka 1976, Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitaliano, alipewa kusimamia mradi wa kutibu kifua kikuu katika wafugaji wahamao, na wagonjwa wakakaa katika manyatta iliyowekwa kwa ajili yao, wakimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu mpaka matibabu yatimie. Na njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa hata amalize imekuja kuwa njia ya ulimwengu. Nalitaja jambo hilo kwa sababu linatufundisha ni nukta gani ya kuweka ukutani. Idadi ya walioanza humpendeza mgeni. Idadi ya waliomaliza ndiyo imfaayo mgonjwa.

Ule mshale wa muuguzi nauona kuwa nusu ya kazi yote. Rejista za hospitali nyingi za umma za Kenya zina shimo la siku 100 za mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016, na shimo refu zaidi la mgomo wa wauguzi, ulioanza Juni 2017 ukaisha mapema Novemba; na asiyeyajua hayo, akiikuta chati haina maandishi, atadhani akina mama walichoka ghafula kuzaa hospitalini. Novemba 2023 mto Tana ulifurika ukakata barabara baina ya Madogo na mji wa Garissa, na watu wakavuka kwa mashua. Mwezi mtukufu wa Ramadhani nao hubadilisha saa za watu kuja kliniki, na kwa kuwa hutangulia siku kama 11 kila mwaka katika kalenda ya kizungu, mtu akitafuta athari yake katika mwezi ule ule wa miaka kadhaa iliyopita atatafuta pasipo. Haya yote hayana budi kuandikwa pembeni mwa nukta, kwa maneno machache, na kwa khati isomekayo.

Lakini kila chombo kina wa kukitumia vibaya. Wako wakubwa ambao huchukua miezi mitatu ya kabla na miezi mitatu ya baada, wakatafuta wastani wa kila upande, wakachora nguzo mbili, moja fupi na moja ndefu, wakatangaza ushindi. Na nguzo hizo mbili zaweza kusimama vile vile sawasawa hata kama mambo yalikuwa yakipanda tangu zamani kabla ya badiliko lenyewe, au kama yalipanda mwezi mmoja tu yakarudi chini. Ni nukta zilizowekwa kwa zamu yake zinazoweza kufichua hayo. Wako pia wasimamizi ambao, wakiiona nukta imeshuka, huuliza ni nani aliyekuwa zamu. Na kituo kikionjeshwa adhabu ya namna hiyo mara moja, nukta zake hazishuki tena, si kwa sababu kazi imetengenea, bali kwa sababu rejista imejifunza hadhari. Mimi naona dhambi hii ni kubwa kuliko uvivu. Chati ya uvivu humwonyesha kila mtu kwamba imekufa, kwa kuwa nukta yake ya mwisho ni ya mwezi wa nne na sasa ni wa tisa. Chati ya hofu ina rangi nzuri, na inasema uongo.

Uko na ugumu mwingine, usio wa tabia bali wa hesabu, na Kaskazini Mashariki unatuhusu zaidi. Kituo kinachozalisha akina mama watatu kwa mwezi hakiwezi kuchora asilimia ikaleta maana, kwa maana mama mmoja tu akikosa huduma, nukta huanguka kutoka 100 hadi 67. Hapo ni hikima kuhesabu kwa robo za mwaka badala ya miezi, au kuweka idadi yenyewe bila kuigawa. Na kwa misiba iliyo nadra, kama kifo cha mama au cha mtoto mchanga, mafundi wa kazi hii huhesabu siku zilizopita baina ya msiba mmoja na unaoufuata, wakaweka nukta moja kwa kila muda huo, na mstari ukipanda, hiyo ndiyo heri. Ni chati ngumu kuichora, kwa kuwa kila nukta yake ni maiti. Lakini sijui njia nyingine iliyo ya adili zaidi ya kuwatia wafu katika hesabu ya walio hai.

Kwamba kazi hii yawezekana katika vituo vidogo vya umma, burhani iko karibu. Huko Kwale, pwani, vituo 21 vya umma viliunganishwa katika juhudi moja ya kuboresha huduma za uzazi, timu za vituo hivyo zikijaribu mabadiliko yake zenyewe na kuyapima mwezi hata mwezi, na habari zake zikachapishwa mwaka 2014. Ni mwaka ule ule zilipotangazwa nambari za Mandera na Wajir. Tangu mwaka 2011 nchi nzima ina mtandao mmoja wa taarifa za afya, ambao ripoti za kila mwezi huingizwa humo, na mimi naushukuru. Walakini nambari ipandayo hadi Nairobi aghalabu hairudi ilikotoka, na irudipo imekwisha kuchanganywa na za vituo vingine hata mwenyewe haitambui. Chati ya ukutani haishindani na mtandao huo. Inaizuia nambari kwa muda, iwafae kwanza wale walioitolea jasho.

Mstari wa kati nao hauchorwi kila mwezi upya, jambo ambalo wengi hulikosea kwa nia njema. Huwekwa mara moja kutokana na miezi ya kabla ya badiliko, ukaendelezwa mbele kwa vistari vilivyokatika, ili nukta mpya zipimwe na hali ya zamani. Na pindi nukta sita zinapokaa juu yake, na sababu ikajulikana, na hali ikaonekana kutulia, ndipo hutafutwa mstari wa pili ulio juu zaidi, na kituo kikaanza kujipima kwa huo. Niliwahi kuona karatasi mbili zilizounganishwa kwa gundi, ya pili ikiwa imeanza na mstari wake mpya, na rangi ya karatasi ya kwanza imefifia kwa jua la dirishani. Aliyeianza alikuwa amehamishwa zamani, na anayeiendeleza hakuwahi kumwona.

Na uhamisho ndio mtihani mkubwa wa kazi hii upande wetu, ambako wauguzi na madaktari wengi hukaa mwaka au miwili wakaenda zao, na baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 wako waliokwenda zao wasirudi. Muuguzi mpya akifika hukuta dawa, hukuta vitanda, hukuta rejista zilizojaa; asipokuta chati, huanza kujaribu yale yale yaliyokwisha kujaribiwa mara tatu kabla yake yakashindikana. Kwa hivyo anayehama, kabla hajafunga sanduku lake, na akae mbele ya ukuta na kalamu yake, aandike kando ya nukta za mwisho ni badiliko gani alilokuwa akilijaribu, tangu mwezi gani, ni mzee yupi wa kamati anayejua watu wako lambo gani wakati wa jilaal, na ni ukurasa gani wa rejista alioishia kuhesabu.